Siku Dawa ya Kucha Iliponirukia Jichoni

Nilianza kuvaa lenzi za machoni mwaka uleule nilioanza kazi ya kubandika kucha. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Nairobi, na nilipokwenda kumsaidia baada ya kujifungua, alinipeleka kwa daktari wa macho. Nilikuwa nimemaliza shule Musoma kwenye miaka ya dhiki, wakati sabuni na sukari vinapangiwa foleni, nikiwa na miwani moja tu nzito iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, maana hata skrubu yake haikupatikana. Sasa zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa na kila kitu kiliingia madukani. Niliporudi nyumbani bila miwani, mama alinishika kidevu akanigeuza huku na huku kama anayekagua ng'ombe mnadani. Akauliza kama vioo hivyo haviwezi kuteleza vikazama ndani ya kichwa.

Daktari yule alikuwa amenieleza taratibu, kwa Kiswahili cha kuokoteza. Ninawe mikono kwa sabuni na kuikausha kabla ya kuzigusa. Nisizioshe kwa maji ya aina yoyote, hata yaliyochemshwa, bali kwa dawa yake tu. Nisilale nazo. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia, aliweka kalamu chini.

"Vumbi la kucha na zile dawa zenu haviendi pamoja na lenzi," alisema. "Kazini vaa miwani."

Mwenye saluni hakuliona jambo hilo hivyo. Alikuwa mama wa Kiislamu, mumewe akiuza vitambaa karibu na soko la Musoma na kusafiri Dubai kufuata mizigo. Kazi ya kucha alijifunza Dar es Salaam, akanifundisha mimi kwa uvumilivu mkubwa, na sitamsema vibaya. Lakini wateja walipoona nimeinamia vidole vyao na miwani nene kama kitako cha chupa, waliuliza kama kweli naona. Nilimweleza maneno ya daktari. Akanijibu kwa upole kwamba daktari hajawahi kukaa kwenye kiti chetu. Tukafikia mwafaka: siku za kawaida miwani, siku za maharusi lenzi.

Harusi ninayoikumbuka ilikuwa Bunda, mtaa wa Manyamanyama. Mwenye saluni alinifuata asubuhi, gari likiunguruma nje na yeye akiita, nikatoka mbio. Tulikuwa tumeshapita njia panda ya kwenda Butiama nilipopapasa mkoba nikagundua miwani imebaki mezani. Nilimwambia. Alisema hakuna neno, lenzi si ziko machoni.

Bibi harusi alikuwa amefungiwa chumbani, madirisha yamefungwa na pazia limeshushwa ili watu wasimchungulie. Nyanya yake, aliyekuja kutoka Kiriba, alikaa mkekani mlangoni kama askari. Niliomba dirisha moja lifunguliwe, nikaelezea kwamba dawa ile inanuka na vumbi la msasa linapaa. Mashangazi walikataa. Mwenye saluni akanipa ishara ya macho kwamba nianze.

Nilianza na mkono wa kushoto. Nilichovya brashi kwenye kikombe cha dawa ya majimaji, nikaokota poda inayogandishwa nayo, nikajenga kucha moja baada ya nyingine, kisha nikapiga msasa. Hewa ilikuwa nzito. Macho yalianza kuwasha, na ule ukungu mweupe wa poda niliuona ukielea mbele yangu na kutua kwenye nyusi za bibi harusi. Nilijua unatua na kwangu. Kila nilipopepesa nilihisi kama chembe ya mchanga inasogea chini ya lenzi. Nilitamani kutoka nje nizivue, lakini bila miwani nisingeuona hata mkono uliokuwa umebaki. Nikaendelea, nikijiambia bado kidogo.

Ndipo vigelegele vikalipuka uani. Mtu alipiga kelele kwamba watu wa bwana harusi wamefika. Bibi harusi alishtuka, akauvuta mkono, kiwiko kikapiga kikombe. Dawa iliruka ikaniingia jicho la kulia.

Sikupiga kelele, pumzi ilikatika tu. Ilikuwa kama mtu amenibandika kaa la moto. Jicho lilijifunga lenyewe, na chini ya kope nilihisi lenzi imekakamaa, imekaa na dawa ile humo ndani. Nikasema maji, leteni maji. Nyanya aliinuka kabla ya wote, akachukua ndoo iliyokuwa ya kuogea, akaniinamisha kichwa, akawa ananimiminia kwa kata bila kuacha.

"Fumbua, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Hata ngozi ya ng'ombe tulikuwaga tunaitia dawa, ikikurukia unamwaga maji tu, unamwaga. Fumbua."

Sikuweza. Vidole vyangu vilikuwa na poda na gundi, nisingethubutu kuvitia jichoni. Mwenye saluni alikuwa na kucha ndefu za kubandika, mashangazi nao mikono yao imejaa hina mbichi. Bibi harusi ndiye aliyepiga magoti mbele yangu akiwa na kanga yake ya kuogea. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado haujaguswa, kucha zake fupi, za mtu aliyezoea kupalilia pamba. Alinawa kwa sabuni bila kuambiwa.

"Niambie nifanye nini, dada," alisema.

Nilimwambia avute kope la chini, aisukume lenzi kidogo pembeni, kisha aibane kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Mara ya kwanza ilimteleza nikadhani itapasuka humohumo. Nyanya aliendelea kumimina. Mara ya pili ikatoka. Nililia, si kwa maumivu peke yake. Ya jicho la pili niliivua mwenyewe baada ya kunawishwa mikono, na dunia yote ikawa ukungu.

Mwenye saluni aliiokota ile ya kwanza, akaisuuza kwenye ndoo, akaninyooshea kiganjani. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama jicho likitulia naweza kuirudisha nimalizie mkono mmoja tu. Watu walikuwa wanangoja. Namwelewa, jina lake lilikuwa pale mbele ya ukoo mzima. Nilimwambia hapana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia hapana.

Bibi harusi alikunja ngumi mkono wenye kucha ndefu, akautazama ule mwingine. "Mpelekeni hospitali," alisema. "Mimi nitavaa glavu."

Dereva wa bwana harusi ndiye aliyenirudisha Musoma, kwenye hospitali ya mkoa, nyanya akiwa ameketi nami nyuma na dumu la maji, akinimiminia kitambaani njia nzima na kulowesha viti bila kujali. Daktari wa huko alinitia dawa ya rangi jichoni akanimulika. Alisema kioo cha jicho kimechubuka, hakijatoboka, na kwamba maji ya mapema na kuitoa lenzi ndivyo vilivyoniokoa. Jicho lilifungwa bandeji. Hofu ilikuwa wakati ule wa kungoja, kila asubuhi mama akiifungua, akisogeza taa karibu na kuuliza naona vidole vingapi, mimi nikibahatisha jibu.

Jicho lilipona, isipokuwa jua la ziwani huliumiza hadi leo. Mwenye saluni alikuja nyumbani na kitenge na sato wakubwa wawili, akakaa na mama jikoni kwa muda mrefu. Hakuomba radhi kwa maneno. Nilipokwenda tena kazini nikiwa na miwani yangu, nilikuta feni mpya imewekwa dirishani ikitupa hewa nje. Wateja wachache walituhama. Waliobaki walizoea kuniona nimeinama, na mmoja aliniambia kuwa nikiwa nimekaribia hivyo, ndipo yeye anapoamini naona.