Sikumwacha Polisi Amalize

Jumapili, mwezi wa tatu. Mvua ilianza wakati wa misa ya pili, ikakatika, sasa inadondoka kidogo tu kwenye mabati.

Haya ninayoandika sikusimuliwa na mtu, yalinipata mimi. Nimesoma mpaka darasa la sita, na kichwa changu si cha kuaminiwa kila siku, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Lakini kwamba mtu yule alisimama mbele yangu, hilo ninaliapia.

Ninashona nguo mtaa wa Kenya, si ile nchi, ninalala mtaa wa Bel-Air, mji uleule. Vita ilipozidi kule mashariki, mambo yaliharibika na huku kwetu: maduka yalivunjwa, mafuta yakakosekana, nauli ya moto, ndiyo pikipiki, ikapanda. Ndipo nikanunua trotinete ya umeme, ile ya kusimama juu yake kama uko juu ya mzani. Batiri ninaichaji kwenye depo ya Papa Paluku, mfanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, maana ana sahani za jua za kutoa umeme. Watu waliniita Mama Trotinete. Nililikubali jina.

Mimi sipendi matata na serikali. Nilikwenda komini, ofisi ya serikali ya mtaa, kuuliza kama chombo hiki kinaruhusiwa barabarani. Mmoja alicheka, mwingine akatafuta kwenye vitabu asikione, mwishowe wakaniandikia karatasi yenye kashe, ndiyo muhuri: kihesabiwe kama kinga, ndiyo baiskeli, mtu mmoja tu, kofia kichwani, taa mbele na nyuma. Niliipenda karatasi ile kupita kiasi. Niliivaa shingoni ndani ya plastiki. Kila polisi wa roulage, wale wa barabarani wenye kofia za manjano, aliyenisimamisha, nilimsomea yote mpaka kwenye kashe, mpaka akachoka. Nilikuwa ninaondoka kichwa juu. Furaha ile ndiyo ninayoionea haya leo.

Katika parsele yetu, kiwanja tunachopanga pamoja, nyumba ya nyuma, anakaa Mama Bijou na binti yake Bijou. Mume wake ni polisi wa roulage. Alipelekwa mashariki pamoja na wengine kabla mke hajahamia kwetu, kwa hiyo mimi sikuwahi kumwona. Simu yake ilikuwa imenyamaza. Ndugu wa Mama Bijou alikuja kutoka Kamina kumchukua yeye na mtoto, naye akakataa. "Bwana akirudi atanikuta wapi?" Kila jioni tulisikia mabishano yaleyale: angoje, ao aende?

Jioni moja nilikuwa ninarudi kutoka Kenya, mvua ndogo inanyesha. Kuna njiapanda moja yenye kituo kidogo cha polisi. Kituo kilichomwa siku za fujo, hakuna anayekaa mle. Nilipofika hapo nikasikia filimbi ndefu, ya kuteremsha bendera. Unajua desturi yetu: bendera ikishuka unasimama ulipo, mwenye gari, mwenye moto, mwenye beseni kichwani, mpaka filimbi ya pili. Nikasimama. Nikashusha mguu, nikanyoosha mikono. Wengine wote walikuwa wanapita tu. Nikasema moyoni, kweli nchi imekufa, hata bendera hawaiheshimu tena. Je, mimi mwenyewe nilitazama juu kama bendera ipo? Sikutazama. Mlingoti ulikuwa mtupu tangu siku za fujo, na nilikuwa ninaupita kila siku.

Mwenye moto mmoja alipunguza mwendo kando yangu. "Mama Trotinete, batiri njo imekufa ao ni weye?"

"Heshimu bendera," nikamwambia.

"Bendera gani?" Akaenda zake akicheka.

Hapo polisi akaja. Kofia ya manjano, kabuti refu, uso wa mtu aliyetembea mbali. Mimi nilikuwa nimelowa. Yeye, nadhani alikuwa mkavu, lakini hapo sina hakika. Alikanyaga ubao wa trotinete kwa mguu mmoja, kama anapima.

"Mama, hii inabeba bantu babili?"

"Muntu mumoja tu, chef. Njo sheria."

"Haizuru." Alisema polepole sana. "Basi, mama, minakuomba…"

Sasa nifanye haki hapa. Roulage wetu, wengi wao, wakitaka kitu huanza hivyo: mama, minakuomba, watoto hawajala. Si wote. Nimewajua ambao hawajaniomba hata maji. Lakini sikio linazoea, na mtu akianza kwa upole unajua mwisho wake. Nikavuta karatasi yangu.

"Weka kwanza ile karatasi, mama. Weye unaenda Bel-Air. Umuambie Mama Bijou…"

"Chef, usinitajie bajirani bangu." Nilidhani ni ujanja, maana wanajifunza majina ya avenue nzima ili wakulainishe. Nikaanza kusoma.

"Uniache nimalize, mama."

Nikapandisha sauti. Nilisoma yote: kinga, mtu mmoja, kofia, taa. Nikafika kwenye kashe, nikainua macho. Hakukuwa na mtu. Filimbi ya pili haikulia. Niamini, hata hapo sikuogopa. Nilifurahi kwamba nimemshinda.

Asubuhi Papa Paluku alikuwa anaunganisha batiri yangu, akainama. Kwenye ubao kulikuwa na alama ya kiatu, changarawe nyeusi, nyepesi. Udongo wetu ni mwekundu, unaingia hata ndani ya mkate. Akaisaga kwa vidole.

"Mama, ulifika wapi na hii? Hii ni ya volkano. Ni ya kwetu, ya Goma. Huku haiko."

Hakucheka. Mimi nikaacha trotinete palepale, nikarudi kwa miguu. Nilimwomba Mama Bijou anionyeshe picha ya mume wake. Alikuwa ni yule wa njiapanda, na kofia yake.

Nilimweleza yote. Hakulia. Aliuliza neno moja.

"Alisema nini?"

"Alisema: umuambie Mama Bijou."

"Uniambie nini? Nimungoje? Ao niende?"

"Sikumwacha amalize."

Tangu siku ile, kila jioni saa kumi na mbili, tunakwenda wote wawili kwenye njiapanda ile kusimama. Filimbi hailii. Wapitaji wanadhani tunasalimu bendera, na sasa wengine wanasimama nasi, kofia mkononi, wakitazama mlingoti mtupu. Sijathubutu kuwaambia tunamngoja nani.

Ndugu wa Mama Bijou alinivuta kando. "Mama, weye sema tu alisema aende. Nani atajua? Utakuwa umemusaidia." Niliwaza sana. Labda ingekuwa huruma. Labda kukataa kwangu ni kiburi kilekile cha karatasi, siwezi kujijua. Lakini maneno yale yalikuwa ya yule mtu. Nilikwisha kumnyang'anya mara moja, nimnyang'anye tena?

Leo baada ya misa Mama Bijou aliniuliza mara ya mwisho. Nikajibu vilevile. Basi akaamua: Bijou aende Kamina na mjomba wake, yeye abaki angoje. Nimemwona anamfunga mtoto skafu kwenye mlango wa gari la moshi. Mtoto na mama wametenganishwa, na nusu ya neno iliyokosekana niliifunika mimi kwa sauti yangu.

Wewe unayesoma, ukisimamishwa barabarani, hata kama sheria yote iko upande wako, nyamaza mpaka mtu amalize. Haki yako haitaoza. Utaionyesha baadaye.

Jioni hii tumekula bukari, ndiyo ugali, na mboga ya lengalenga na samaki. Mama Bijou ndiye aliyepika. Kwa mazoea alisonga na ya mtoto, tukabaki tunaiangalia. Kipande kikubwa cha samaki aliniwekea mimi.