Foleni ya Kathini Katika Mnada wa Nuu

Kwa miaka mingi Kathini aliuza mbuzi wake katika mnada wa Nuu kupitia kwa dalali, kwa sababu wanawake hawakuingia ndani ya ua. Walibaki nje wakiuza ndengu na uji. Mumewe Nyamai, aliyekuwa akimpelekea dalali mbuzi hao, alipovunjika mguu, Kathini alifungua lango mwenyewe akaingiza mbuzi sita.

"Mama, mwenye hawa mbuzi ako wapi?" akauliza Dirie, mnunuzi kutoka Garissa.

"Unaongea na yeye." Akamtajia umri na chanjo ya kila mmoja. Dirie akawachukua wote, na tangu hapo kila siku ya mnada akawa anamtafuta yeye kwanza.

Mwaka jana Kathini aligombea uenyekiti wa kamati ya soko. Watu walipiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Jonah, mwenyekiti wa zamani, alikuwa na foleni ndefu. Kathini alikuwa na watu kumi na mmoja. Akawaita akina mama wa ndengu waingie.

"Hao si wafugaji!" Jonah akapinga.

"Wanalipa ushuru kwa hii soko ama hawalipi?"

Msimamizi wa uchaguzi akakubali kwamba wanalipa. Wanawake wakafunika sufuria zao, wakaingia wakicheka, na foleni ya Kathini ikafika langoni, ikaipita ya Jonah. Nyamai, aliyekuwa amejipanga kwa Jonah kwa kuogopa marafiki zake, akahamia kwa mkewe huku vigelegele vikimsindikiza.

Kamati mpya ilianza kwa kujenga choo cha wanawake. Jonah mwenyewe alileta mchanga kwa punda wake.