Vistari vya Mama Bilan

Kathure alipopangiwa kazi Garissa, mama yake kule Meru alilia siku mbili. Miaka tisa imepita. Sasa akienda nyumbani likizoni hulalamikia baridi, na chai isiyotiwa iliki haimpiti kooni. Kwenye zahanati anakofanya kazi wagonjwa humwita daktari ingawa ni muuguzi. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, kisha akachoka.

Alichokitaka maishani kwa wakati huo kilikuwa kimoja tu: kwenda kusomea shahada ya uzamili. Nafasi ilikuwepo, ila waombaji walitakiwa kuwa na makala iliyokubaliwa na jarida la kitabibu kabla ya mwisho wa Juni. Mada haikumsumbua. Kila wiki alipokea watu wenye homa inayoletwa na maziwa mabichi ya ngamia, kwa hiyo akaamua kuchunguza nyumba arobaini pembezoni mwa mji ajue nani huchemsha maziwa na nani hachemshi.

Maswali aliyauliza Mama Bilan, mhudumu wa afya ya jamii, mzaliwa wa mji mdogo wa Hadado, mwanamke ambaye hakuna boma asilokaribishwa chai. Majibu aliyaandika kwa penseli kwenye daftari la shule. Penye swali la idadi ya ngamia, mara nyingi aliweka kistari tu. Kathure hakushangaa. Alishakaa huku vya kutosha kujua kwamba mfugaji hatangazi idadi ya ngamia wake, na kwamba kumbana aitaje ni kumtakia kijicho. Akavipita vile vistari bila kuuliza.

Kilichomtia hofu kilikuwa Kiingereza chake. Basi alipomaliza kuandika, akaitwika akili mnemba ya kwenye kompyuta ile makala, akaiagiza inyooshe lugha na kupanga majedwali vizuri. Haikuchukua muda, makala ikarudi imevaa nguo za sikukuu. Kathure akaisoma sentensi kwa sentensi, akaipenda, akaanza hata kuamini kwamba ameiandika mwenyewe. Majedwali aliyatupia jicho tu. Fomu ya jarida, lililokuwa la ng'ambo, ilipouliza kama ametumia akili mnemba, aliweka alama kwenye "hapana". Kunyoosha lugha si kutumia, alijiambia. Mbona hakuna anayetangaza kwamba alifungua kamusi? Wengi wetu tungejiambia hivyo hivyo.

Wiki tatu baadaye mhariri aliandika, kwa adabu tele. Alieleza kanuni ya jarida: akili mnemba inaruhusiwa kurekebisha lugha, mradi mwandishi aseme hivyo; matokeo na takwimu lazima zitoke kwa watu waliouliza na kuulizwa, na akili mnemba yenyewe haiwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haiwezi kuitwa ikajibu. Kisha akaomba kitu kimoja. Jedwali la pili linaonyesha idadi ya ngamia katika nyumba zote arobaini. Tafadhali atume nakala ya kurasa za daftari.

Kathure akalifungua jedwali. Nambari arobaini, hakuna pengo. Akalifungua daftari. Vistari ishirini na sita. Chombo kilichoagizwa kupanga jedwali kiliyakuta mapengo, kikayajaza.

Alimwendea Mwiti, mtu wa kwao aliyekuwa karani mjini. Mwiti hakuona tatizo liko wapi.

"Mpe huyo mama penseli aweke makadirio. Nani atatoka ng'ambo aje kuhesabu ngamia Garissa?"

Kathure akaenda kwa Mama Bilan na daftari kwapani, na lile jedwali limechapishwa. Alizunguka sana kabla ya kulitoa la moyoni: kama Mama angeweza kuandika hizi nambari hapa, juu ya vistari, zifanane. Akamwekea penseli mbele.

Mama Bilan akavaa miwani, akashuka na kidole kwenye jedwali, nyumba baada ya nyumba. Mwanzoni alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na p zake, kama kawaida, zikatoka b.

"Barre amebewa kumi na nne! Wallahi, akisikia hii atachinja sadaka leo."

Kisha kidole kikasimama kwenye nyumba ya saba. "Hii ni Ramlo."

"Ameandikiwa kumi na nane," Kathure alisema.

"Ramlo hana ngamia, daktari. Yote ilikufa ile kiangazi kubwa. Maziwa ananunua na kikombe. Nilimuuliza, akaangalia chini. Mimi nikachora laini, nikaenda swali ingine."

"Hukuniambia, Mama."

"Wewe hukuuliza."

Kathure aliona haya, haya ya kweli, ya kutojua macho ayapeleke wapi. Miezi yote hiyo alidhani vistari vyote vina maana moja, na kwamba yeye anaijua.

Mama Bilan akamrudishia penseli. "Chukua kitu yako. Nikiandika hiyo, kesho nitabita mbele ya Ramlo na uso gani?"

Asubuhi yake Kathure alimwandikia mhariri yote: ile "hapana" yake, nambari zilizozuliwa, na kwamba hakulikagua jedwali. Jibu lilikuja siku ya nne. Makala imeondolewa, anaweza kuileta upya, na itasomwa kama mpya. Juni ikaisha. Nafasi ya masomo akapewa mwingine. Kathure alilia kwenye chumba cha kuhifadhia chanjo, akanawa uso, akatoka kuendelea na foleni.

Agosti aliiandika upya kwa Kiingereza chake kilivyo, akatangaza kwamba akili mnemba imemsahihishia lugha katika utangulizi tu. Chini ya jedwali aliongeza aya inayoeleza kwamba kistari ni swali lisilojibiwa, kwa sababu yoyote ile. Safari ya kwanza jina la Mama Bilan lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani. Safari hii alitaka liwe la mwandishi, lakini kanuni ilidai kila mwandishi akubali mwenyewe kuitetea kazi hiyo. Akampelekea kompyuta nyumbani, akamsomea kanuni kwa Kiswahili.

"Yaani wakiuliza, mimi najibu?"

"Wewe na mimi, Mama."

Mama Bilan akavaa miwani. "Ya Ramlo umeandika nini?"

Kathure akaigeuza kompyuta. Nyumba ya saba: kistari.

Mama Bilan akakitazama, akavua miwani.

"Haya," alisema. "Andika jina yangu."