Mama Vyungu: Mtabibu wa mimea aliyeshindwa kuuachia mmea wake

Saa mbili kasorobo asubuhi, dirisha la mapokezi la kliniki ya meno bado halijafunguliwa. Viti saba vya plastiki vimepangwa ukutani, na kimoja tu kina mtu, mzee aliyeshika shavu. Nyuma ya kiti cha mwisho, mwanamke amepiga magoti sakafuni. Miwani imemteremkia puani. Ameshika jani la mmea kwa vidole viwili, kama mtu anayesoma kipimajoto.

Analigeuza. Anakwangua doa la kahawia kwa ukucha wa dole gumba, anautazama ukucha, anaufuta kwenye gauni.

"Halitoki," anasema. "Doa likitoka kwa ukucha, huyo ni mdudu, kajifunika gamba lake. Likigoma, shida iko ndani ya mmea. Lakini hili ni la zamani. Halijaongezeka tangu wiki iliyopita."

Wateja wake humwita Mama Vyungu. Ana miaka hamsini na mbili, na kazi yake ni kutibu mimea ya kwenye vyungu: maofisini, kwenye kumbi, kwenye veranda za watu wenye nafasi. Hauzi maua wala hapangi bustani. Anaitwa majani yakianza kuharibika, anakuja na mfuko wa turubai wenye kisu, kijiti cha mbao, kioo cha kukuzia na chupa ya maji.

Chupa hiyo leo haimo. Sababu yake ndiyo habari yenyewe.

Mmea ulio mbele yake ni saikadi. Kwa mpita njia ni mnazi mfupi uliokataa kukua: shina nene lenye magamba, na majani magumu yenye ncha za kuchoma, yamekaa duara kama taji. Hukua polepole mno. Majani mapya hutoka yote kwa mkupuo, pengine mara moja tu kwa mwaka, na yakishatoka hukaa miaka mingi.

"Jani la saikadi halisahau," anasema. "Ukilichoma na jua leo, mwaka kesho bado linakusema kwa wageni."

Saikadi hii anaijua kuliko mtu yeyote. Aliipanda mwenyewe, ikiwa kichipukizi kisichozidi limau, akailea miaka kumi na minane mlangoni kwake. Miaka minne iliyopita aliiuza kwa daktari wa meno ili binti yake wa kwanza aingie chuo. Walipatana kwa mdomo: mmea ni wa daktari, matunzo ni ya Mama Vyungu.

Mapatano yalidumu miaka miwili. Kisha daktari akaikabidhi kazi kampuni yenye gari, sare na cheti kwenye fremu. Mwenye kampuni ni mdogo wake Mama Vyungu. Baba mmoja, mama mmoja, na utotoni kitanda kimoja.

"Andika vizuri," anasema, akiinua kidole. "Nina wivu. Watu wanaona haya kulitamka. Mimi sioni. Nina wivu naye hadi meno yananiuma, na niko kwa daktari wa meno."

Mzee aliyeshika shavu anacheka, kisha anajuta.

Mama Vyungu aliacha shule darasa la sita. Kazi alijifunza kwa kuua mimea yake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, mpaka akajua kila mmoja umekufa na nini. Mdogo wake alimfuata akiwa binti, akimbebea mchanga, akimuuliza maswali. Baadaye akasoma, akapata cheti, akafungua ofisi.

Miaka mitano iliyopita Mama Vyungu alikuwa na wateja kumi na wanne wa kudumu. Leo anao sita. Mwezi ukiwa mzuri analipa kodi ya vyumba viwili na ada ya mtoto mmoja kati ya wawili waliobaki shuleni. Mwezi ukiwa mbaya, analipa kimoja na kuomba muda wa kingine.

"Mdogo wangu anao ishirini na wawili," anasema. Amejuaje? "Nimewahesabu. Gari lake lina maandishi makubwa, halijifichi."

Kumchukulia wateja wengine wote angemsamehe, anasema. Saikadi hakuweza.

Basi akaanza kuja kliniki kwa siri. Jumatatu na Alhamisi aliingia pamoja na wagonjwa, akakaa kiti cha mwisho, akasubiri dada wa mapokezi ainamie daftari. Hapo chupa ikatoka mfukoni. Alimimina maji aliyochanganya na mbolea kidogo, akasukuma jani moja likae vizuri, akaondoka bila kumwona daktari. Alifanya hivyo miezi saba.

Mume wake, fundi viatu, ndiye wa kwanza kugutuka. Mkewe alikuwa anaoga, anavaa gauni la kutokea na kwenda kwa daktari wa meno mara mbili kwa wiki, naye meno yake yote yalikuwa mazima.

"Nilimwambia, mke wangu, fungua kinywa," mumewe anasimulia, nyundo mkononi. "Nikamulika na tochi. Hakuna hata tundu. Nikajua nimeibiwa. Nikamfuata hadi dirishani kwa daktari, nikamkuta anazungumza na chungu. Sikujua nicheke au nilie. Mwanamume wa kugombana naye ningempata wapi? Mwenyewe ana majani!"

Alimsihi aache. Mkewe akamjibu kwamba mtoto wake hawezi kumwachia mtu asiyejua anapenda nini.

Lakini mtoto alikuwa anaugua. Majani ya chini yalianza kuwa ya manjano, kisha yakajaa madoa ya kahawia yenye duara la njano pembeni. Ncha zikakauka kama zilizopitiwa na moto. Majira ya majani mapya yakaja na kupita, na halikutoka hata moja.

Mama Vyungu aliyaona yote, na moyoni, anakiri, alifurahi. "Nilisema, haya sasa, cheti kitibu."

Mdogo wake alisema ni kuvu. Akapulizia dawa mara mbili, akakata majani manne. Madoa yakaendelea kupanda juu. Daktari, ambaye hapendi wagonjwa wake wakae karibu na kitu kinachokufa, akatoa kauli: mmea usipopona utatupwa na mkataba wa kampuni utaishia hapo, atanunua wa plastiki. Kisha akamwambia dada wa mapokezi, "Mwite yule mama aliyetuuzia. Naye atazame."

Siku hiyo, wiki tisa zilizopita, Mama Vyungu alifika mapema kuliko alivyoagizwa. Njiani alikuwa amekwisha kupanga sentensi yake: Daktari, mmea huu umeharibiwa na mtu asiyejua kazi.

Mdogo wake alikuwepo tayari, na sare yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mtaalamu."

"Usiniite hivyo mbele ya watu."

"Kwani cheti kimefutwa?"

Daktari akawaomba waanze. Mama Vyungu akapiga magoti. Akakwangua madoa, hayakutoka, si wadudu. Akalinganisha upande wa dirishani na upande wa ukutani; madoa yalikuwa sawa pande zote, kwa hiyo si jua. Akaweka kioo cha kukuzia nyuma ya jani, akakuta safi, hamna vumbi wala weusi ambao kuvu huacha. Kila alipokuwa anafuta sababu moja, moyo ulikuwa unapaa. Mtaalamu alikosea.

Akagonga chungu kwa kifundo cha kidole. Kililia kizito. Akaona utandu mweupe wa chumvi ukingoni, ule unaoachwa na mbolea iliyozidi. Akakichomeka kijiti cha mbao hadi chini, akahesabu hadi thelathini, akakichomoa. Kilitoka cheusi, kimelowa, kinanuka kama mtaro.

"Umeulevya maji," akamwambia mdogo wake, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Mizizi imeoza. Majani yanakufa kwa kiu na miguu iko kwenye tope. Unaumwagilia mara ngapi wewe?"

"Siku kumi, mara moja. Kikombe kimoja na nusu," mdogo wake akajibu. "Mbolea robo kijiko kila baada ya miezi mitatu. Kama ulivyonifundisha, dada. Sijawahi kubadilisha."

Mama Vyungu anasema alibaki na kijiti mkononi. Kikombe kimoja na nusu kwa siku kumi ni kipimo sahihi. Ni chake. Mmea ulikuwa ukinywa kipimo chake kwa mkono wa mdogo wake, halafu ukinywa tena, Jumatatu na Alhamisi, kwa mkono wake mwenyewe.

"Haiwezekani," daktari akasema. "Hicho kijiti kimelowa chapachapa. Mmoja wenu hasemi kweli."

Mdogo wake akainamisha kichwa. Alikuwa anapoteza kazi, na hakuwa na la kujitetea zaidi ya ukweli aliokwisha kuusema. Mama Vyungu alikuwa na sentensi yake mdomoni. Kunyamaza tu kungetosha.

"Nikatazama dirishani kwa mapokezi," anasimulia. "Yule dada ananitazama. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa ananiona na chupa yangu! Alidhani tuko kampuni moja. Sitakudanganya kwamba nilisema kwa wema. Nilisema kwa sababu nisingesema mimi, angesema yeye. Lakini nilikwisha kumwona mdogo wangu alivyoinama, na hilo nalo lilikuwepo."

Alisema: "Ni mimi. Naumwagilia kwa siri."

Mdogo wake akainua kichwa, akauliza swali ambalo Mama Vyungu hakulitarajia. "Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Na mimi miezi sita siwezi kulala, natafuta nimekosea wapi. Nimesoma tena madaftari yote ya chuo. Nimefika hadi mlangoni kwako mara mbili nikuulize, nikaona utanicheka, nikageuza gari."

"Ningekucheka," Mama Vyungu akakubali.

Daktari alirudi kwa wagonjwa wake. Aliwapa wale wawili miezi mitatu kuuponya mmea. Ndugu wawili wakaubeba mmea hadi uani, wakaulaza kwenye gunia, wakavunja udongo. Nusu ya mizizi ilikuwa tope. Waliikata hadi kwenye nyama nyeupe, wakaacha shina likauke kivulini siku tano, kisha wakalipanda kwenye mchanga mkavu wa chengachenga. Waligombana kila hatua: kisu cha nani ni kikali, nani anakata karibu mno, nani alimwaga mchanga wa mwenzake mwaka ule.

"Alikuwa ananisahihisha!" Mama Vyungu anasema. "Na alikuwa sahihi. Hapo ndipo wivu ulinipanda upya."

Chini ya shina, udongo ulipokwisha kutoka, walikuta kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua: vichipukizi viwili vizima vimeshikamana na mama yao. Kimoja kikubwa kama chungwa, kingine kama limau. Daktari amesema mmea ukipona, wavichukue.

Leo Mama Vyungu anabonyeza shina kwa dole gumba, pande nne. Gumu. Anainama juu ya kitovu cha taji, mahali majani mapya hutokea, anatazama kwa kioo muda mrefu. Kuna manyoya laini ya kahawia ambayo wiki iliyopita hayakuwepo. Yanaweza kuwa majani. Yanaweza pia kuwa macho yake yanayotaka kuona. Zimebaki wiki tatu.

Dirisha la mapokezi linafunguka. "Shikamoo, mama. Mikono iko wapi?"

"Marahaba. Hii hapa, mitupu."

"Mdogo wako alipita jana jioni. Akatazama hapohapo unapotazama. Akasema nisikwambie alichokiona, eti atakwambia mwenyewe."

Mama Vyungu anasimama, anakung'uta magoti, na uso wake unabadilika kabisa. "Kaona kabla yangu?"

Mdogo wake amempa nafasi kwenye kampuni: awe mkaguzi wa mimea yote ya wateja ishirini na wawili, kwa mshahara. Hajajibu. Anasema atajibu majani yakitoka, na huenda akakubali, mradi sare asivae.

Mpango wake mwenyewe ni mwingine na uko wazi. Anataka kichipukizi kimoja, chungu kipya, na mlango wake ule ule. Kikianza sasa, atakuwa na miaka sabini kitakapofikia kimo cha mama yake alipouzwa. Amekwisha kulifikiria hilo, na haliwi kikwazo.

Na kati ya viwili, atachukua kipi?

"Kikubwa," anasema, huku akikaa kwenye kiti cha mwisho na kuikalia mikono yake yote miwili. "Na uandike leo, mdogo wangu aisome kabla hatujafika kugawana."