Gumegume Lililochelewa Kulia

Jamani, msinicheke, maana siku ile nilichekwa vya kutosha, na kicheko hicho ndicho kilichonikosesha akili nikamharibia shemeji yangu mkono mbele ya watu wote wa Kwihara.

Tuna kikundi chetu cha kuigiza misafara ya zamani, tunatoka Kanyenye na mizigo kichwani, pembe za ndovu za kuchongwa kwa mbao, ngoma mbele, na tukikaribia Kwihara tunafyatua bunduki, maana msafara wa zamani ndivyo ulivyobisha hodi. Bunduki yenyewe ni gumegume, lile gobore ambalo jiwe hugonga chuma, cheche ikarukia baruti iliyo kwenye kisahani cha pembeni, na moto ukapenya kitundu hadi baruti ya ndani ya mtutu. Miaka yote tulitia baruti tupu, tukatoa moshi na kelele, basi. Mimi ndiye niliyesema (mdomo huu!) tujaribu risasi ya kweli, mara moja tu, tulenge boga kwenye kichuguu. Kibali tulikuwa nacho, na kiongozi wetu Mzee Kulwa, aliyewahi kuwa mwindaji, akakubali shingo upande.

"Likigoma usiligeuze," akaniambia. "Lielekeze kule kule kwenye kichuguu mpaka niseme mimi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Watu walijaa, na kati yao mama mkwe wangu (nanyi mnajua mtu anavyojichunga mbele ya mkwe), amekuja kumtazama mwanawe Anselmi, mdogo wa mke wangu, mpiga ngoma wetu na wa kwaya ya kanisani pia. Nikalenga, nikavuta. Jiwe likagonga, kisahani kikafuka moshi, fyuu, halafu kimya, boga lipo pale pale. Watu wakaangua kicheko, na mama mkwe akajifunika khanga usoni, lakini niliona mabega yanavyomtikisika.

"Shemeji, limelala hilo!" Anselmi akapaza sauti nyuma yangu. "Ngoja niliamshe na ngoma!"

Hapo nilipaswa kusimama kama mti. Lakini mimi ni mtu wa kupenda kujibu, na aibu ilikuwa imenipanda hadi masikioni, nikageuka na bunduki yangu mkononi ili nimrudishie utani wake, nikafungua kinywa, na ule moto uliokuwa ukitambaa ndani kwa ndani ukaifikia baruti ya mtutuni.

Moshi ulipotawanyika Anselmi alikuwa ameketi chini, anautazama mkono wake wa kushoto. Aliyepiga kelele ni mama yake. Mimi nilibaki nasema "lakini halikuwaka, halikuwaka," mpaka Mzee Kulwa aliponipokonya bunduki.

Hospitalini walikata vidole vitatu, na gumegume likabaki polisi. Nyumbani hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Nilipompa mama mkwe shikamoo kule wodini aliitika marahaba, akageukia dirisha.

Sishiki bunduki tena maishani, hata ya mbao ya kuchezea watoto. Kwenye msafara siku hizi nabeba mzigo, tena nyuma kabisa. Anselmi amerudi kwenye ngoma, mwenyewe alitaka, anapiga kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto unagusa ngozi tu. Ikifika zamu ya mkono huo pigo halisikiki, na miguu yetu iliyozoea mdundo wa zamani inajikwaa hapo, msafara mzima, halafu tunaendelea.