Michongoma ya Usawa wa Bega

Nyumba yetu pale Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, ilikuwa na michongoma iliyochekwa na mtaa mzima. Wenzetu waliiacha yao ikue mpaka ikaficha madirisha, maana barabara ya kwenda Tunduma haina haya: vumbi, moshi na macho ya wapita njia. Ya mama yangu iliishia begani mwake. Kila Jumamosi alitoka na mkasi wa maua akaichonga ikanyooka, huku jirani akimtania, "We mama, huo uzio unamzuia nani? Hata kuku wanauruka!"

Mama alicheka tu. Baba alikuwa dereva wa lori la kwenda Zambia, na mama alitaka aione barabara akiwa barazani anachambua mboga. Honi ikilia, anasimama. Baba anaona kichwa na mkono unaopunga, kisha lori linakwenda kujipanga kwenye foleni ya mpakani. Baadaye tulimfuata huko na ugali wa moto na maharage. Nilizipenda sana jioni zile. Hadi leo harufu ya dizeli inanitia njaa.

Baba alipofariki, mama aliendelea kukata. Watoto wake tulimsihi aiache michongoma ikue, apate faragha. Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji.

Mwaka huu nimekuja likizo nikaikuta imempita kichwa. Bogenvilia ya getini nayo imejimwaga juu yake, nyekundu tupu. Pazuri, sikatai. Nikafurahi, nikamwambia, "Afadhali, mama. Sasa umetulia."

Nilipopita kando ya uzio kwa upande wa ndani, nikaona tofali la saruji limelazwa chini, na juu yake udongo mbichi wa kandambili zake. Alikuwa akipanda hapo ili aone barabara. Roho iliniuma.

"Mkono hauinuki siku hizi, mwanangu," alisema nyuma yangu. "Mkasi umekuwa mzito."

Nikauchukua mkasi. Nikamwomba asimame karibu na uzio nipate kipimo. Akasimama, akajinyoosha kadiri alivyoweza. Ndani ya majani, mashina yalikuwa bado na makovu ya mikato yake ya zamani, yote kwa mstari mmoja. Bega lake lilikuwa chini ya mstari ule.

Nikakata kwa usawa wa bega lake la leo.