Mezani Hakuna Mahali

Ndege yangu ya kwanza niliuziwa kama takataka. Mama mmoja wa mitumba pale sokoni Mwanza alikuwa amefungua belo la vitu vya watoto, midoli isiyo na macho na magari yasiyo na magurudumu, na chini kabisa kulikuwa na boksi lenye picha ya ndege. Akalitikisa, likalia kachakacha. Akalifungua, akakuta vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu zake, akasikitika kwa dhati.

"Dada, hii imevunjikia njiani," akaniambia. "Chukua tu, tutaelewana."

Mimi niliona mara moja kwamba haikuvunjika, ila ilikuwa haijaundwa. Sikumsahihisha. Kuanzia siku hiyo kila belo likija na boksi la namna hiyo aliniwekea pembeni, na akiniona kwa mbali alipaza sauti soko zima lisikie: "Mama wa ndege mbovu, njoo." Nilikuwa mtu mzima, msaidizi kwenye kliniki ya meno, nina viatu vya kisigino, na nilikimbia kama mtoto aliyeitwa kula.

Ilikuwa ile miaka ya mambo ruksa. Maduka yaliyokuwa na sabuni moja na kiberiti yakawa yamejaa hadi mlangoni, na mji ukajaa vitu ambavyo hakuna aliyejua ni vya nini. Hivi vyangu nilijifunza mwenyewe. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa lugha ambayo hata baba, mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyejidai anajua lugha zote kwa sura, aliigeuzageuza akairudisha. Lakini ilikuwa na michoro, na michoro haina lugha. Gundi iliyomo kwenye boksi siku zote ilikuwa imekauka, kwa hiyo nilikata vipande vya fremu, nikaviloweka kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha hadi vikawa uji, na uji huo ulishika kuliko gundi yoyote ya dukani. Nyufa niliziba kwa mabaki ya saruji ya kuzibia meno. Kliniki ilipotupa vibano na sindano zilizochakaa, mimi nilizipokea kwa mikono miwili. Waya za juu ya ndege nilizitengeneza kwa kupasha kipande cha plastiki kwenye mshumaa na kukivuta taratibu, kikawa uzi mwembamba kuliko unywele. Mara ya kwanza uzi ule uliponyooka bila kukatika nilicheka peke yangu sebuleni. Sijui furaha nyingine iliyo rahisi hivyo.

Tatizo lilikuwa meza. Nyumba yetu ya Igogo ilikuwa na meza moja, ya sebuleni, na juu yake tulikula, baba alisoma gazeti, mama alikata vitambaa vya kushona, na mimi niliunda ndege. Mama na baba walizoea. Asiyezoea alikuwa shangazi, dada wa baba, aliyekuja kutoka Kagera kwa wiki mbili na akawa anaelekea kumaliza mwaka. Kwa shangazi, mwanamke mwenye kazi na akili timamu hawezi kukaa na vinyago vya plastiki. Habari za posa zilipofika akanikalisha chini, akatoa hukumu. Nikiolewa, ndege zote zigawiwe watoto wa jirani. Hakuna mwanamume atakayevumilia.

Mwanamume mwenyewe nilikuwa nimemuuliza. Alikuwa mwalimu wa sekondari, amepanga nyumba ya vyumba viwili kule Mkolani, mpole, meno yake mazuri isipokuwa gego moja, na ndilo lililotukutanisha. Nilimuuliza kama nyumbani kwake kutakuwa na nafasi ya mambo yangu. Akasema, "Tutaona." Neno hilo lilinikera kuliko kukataliwa. Nikamwambia mama kwamba kama hana nafasi ya ndege zangu, basi aoe mwingine. Mama akaniambia nisirudie maneno hayo mbele ya shangazi. Nilimpenda yule mwalimu kweli, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilijua shangazi akishinda nitaolewa vilevile, na nitakuwa na huzuni ndogo ya kudumu ambayo hakuna mtu atakayeielewa.

Siku ya washenga kuja, mezani palikuwa na ndege kubwa kuliko zote nilizowahi kuunda. Ilikuwa ya mizigo, pangaboi nne, na nilikuwa nimeamua iwe mojawapo ya zile zilizopita juu yetu kila mara zikibeba minofu ya sangara kwenda ughaibuni. Nilikata mlango wa nyuma ukafunguka. Ndani nikapanga maboksi ya karatasi, na boksi moja nikaliacha wazi, lina samaki niliowakata kwenye bati la mrija wa dawa ya meno, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Bawa la kushoto nilikuwa nimelibandika asubuhi ile. Wageni waliahidi kufika jioni, na hadi jioni gundi ingekuwa imeshika.

Walipata lifti ya lori. Wakafika saa nne asubuhi.

Hapakuwa na jinsi ya kuisogeza ndege bila bawa kudondoka. Nikaifunika kwa kitambaa cha mezani, nikakimbilia nyuma ya pazia la ukumbini. Wageni walikuwa wawili, na msemaji wao alikuwa mzee wa Kisukuma, mfugaji mwenye ng'ombe mbele kidogo ya Mkolani, amevaa koti zito la suti juani na hakukubali kulivua. Alikuwa mcheshi, na alikuwa na njaa. Macho yake yalikuwa pale mezani kwenye kile kilichofunikwa, na bila shaka alidhani ni pilau.

Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na za ng'ombe, kisha mzee akakohoa. Sasa, kinywani mwa mzee yule herufi r haikuwa na kazi. Alikuwa anataka kusema mahari. Akasema, huku akiiangalia meza, "Basi, wazee wenzangu, tungeomba sasa tuongelee mahali."

Mimi nyuma ya pazia nimeshika sinia la vikombe, nikaelewa kwamba wanataka kuhamia mezani. Nikaliona bawa langu likianguka. Desturi inataka binti anayeposwa asisikike hata kukohoa, lakini ulimi ulikuwa umeshatangulia.

"Mahali hakuna, baba," nikasema kwa sauti. "Hakuna kabisa. Waambie wasihangaike."

Kisha nikamsikia mzee akimwambia mwenzake kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani, "Umesikia? Binti mwenyewe kasema. Hakuna mahali."

"Tumesikia," mwenzake akasema. "Tushukuru."

Shangazi akaingilia kuokoa jahazi. Kwa shangazi, l na r zilikaa chumba kimoja na ilitoka yoyote iliyokuwa karibu na mlango. "Hapana, baba," akasema, "hamkumwelewa. Mtoto anasema mezani hakuna mahari."

"Ndiyo hivyo hivyo," mzee akajibu kwa furaha. "Mezani hakuna kitu. Sisi tumekubali."

Baba hakuweza kuvumilia, na kilichomuuma, ninavyomjua, kilikuwa matamshi kwanza na ng'ombe baadaye. Akasimama kama yuko mbele ya ubao. "Mzee wangu, kuna mahali na kuna mahari. Sema nami. Ma-ha-ri."

"Ma-ha-li," akasema mzee kwa utii.

"Ri."

"Li."

Hapo mama alishindwa. Alianza kucheka chinichini, kitenge mdomoni, na kicheko cha mama kilikuwa cha kuambukiza. Mgeni wa pili akafuata. Shangazi, aliyeona heshima ya ukoo inazama, akaenda mezani akavuta kile kitambaa. "Ni takataka hii," akasema. "Hii ndiyo iliyojaza meza. Msijali, akiolewa anaiacha."

Nikatoka nyuma ya pazia na sinia langu, maana sasa kujificha kulikuwa hakuna maana. Mzee alikuwa ameinuka. Akaizunguka ndege, akainama mpaka koti likakunjamana, akachungulia kwenye mlango wa nyuma.

"Hata samaki wamo," akasema.

"Wamo, mzee."

"Hii ndiyo inayotubebea sangala."

"Ndiyo yenyewe."

Akaninyooshea kidole. "Na mapanki yako wapi?"

Kila mtu wa Mwanza alikula mapanki miaka ile. Mnofu ulipanda ndege, kichwa na mifupa vikabaki kwetu, vikakaangwa. Nikamjibu, "Mapanki yamebaki Igogo, mzee. Mama anayakaanga jikoni sasa hivi."

Alicheka mpaka akashika meza, na kwa kushika meza akagusa bawa. Halikuanguka. Ila gundi ilikuwa bado mbichi, na dole gumba lake likabaki limechapwa pale, mistari yote. Akaliangalia kwa hofu kama aliyevunja kikombe cha watu. Kisha akanigeukia, na safari hii hakuwa anatania.

"Shangazi yako anasema utaacha. Utaacha?"

Binti hujibu kwa kuangalia chini. Shangazi alikuwa ananikazia macho. Nikalitua sinia la vikombe chini.

"Siachi, mzee," nikasema. Halafu nikakumbuka kwamba tangu afike sijamwamkia. "Shikamoo."

"Malahaba," akasema. Akarudi kwenye kiti chake. "Nitamwambia kijana."

Mengine waliyamaliza wanaume na mapanki. Ng'ombe walikubaliwa, baba hakudhulumiwa. Lakini kijana aliambiwa nini, sikujua. Kila nilipomuuliza alitabasamu akasema lile neno lake, tutaona, na mara mbili nilikaribia kuvunja uchumba kwa ajili ya neno hilo moja.

Tulifunga ndoa kanisani, tukala, tukacheza. Nilipopelekwa Mkolani nilikuwa na sanduku lililojaa vitenge juu na ndege chini, nimezifunga kwenye nguo kama mayai, na shangazi aliyelibeba upande mmoja alilalamika kwamba vitenge vya siku hizi ni vyepesi.

Mume wangu akafungua mlango wa chumba cha pili. Chini ya dirisha kulikuwa na meza mpya, haijapakwa rangi bado, inanukia mbao, na pembeni yake amesimama yule mzee na koti lake. Alikuwa ameileta juu ya mkokoteni wa ng'ombe, asubuhi ile ile, kabla ya kwenda kanisani.

"Ng'ombe tulipeleka kwa baba yako," akaniambia. "Hii si ya baba yako. Hii ya kwako wewe."

Nikapiga magoti na gauni langu jeupe, nikafungua sanduku mbele ya shangazi, nikatoa vitenge vyote. Nikaitoa ile ndege ya sangara na dole gumba lake kwenye bawa, ambalo sikulipiga msasa wala sitalipiga. Nikaiweka katikati ya meza. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Mzee akainama, akachungulia samaki, akanitazama.

"Haya, binti," akasema. "Mezani kuna mahali?"

"Kuna, mzee," nikasema. "Mahali kuna."